Sumaku ya Marehemu

Tarehe 2 Machi

Kwako Wifi Mpishi,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu barua pepe za maabara yenu anazisoma kila mwenye macho, na haya ni ya nyumbani.

Mhariri wa jarida amenitafuta mimi, kwa kuwa ndimi dada wa marehemu na niko katika fani hiyo hiyo. Yule profesa amepeleka mashtaka rasmi. Anasema mdogo wangu hakugundua chochote. Sumaku aliyoipima kwenye lile tabaka jembamba ni unga wa chuma ulioachwa na kibano, eti kwa sababu mtu mzembe alishika vile vigae vidogo vya kupimia kwa kibano cha chuma. Na michoro yote inayoonyesha sumaku ikizimwa kwa volti chache, anasema imetengenezwa. Imetengenezwa! Hilo ndilo neno la watu wenye tai wanapotaka kusema "mwongo".

Mdogo wangu mzembe! Mtu aliyekuwa akinawa kabla ya kwenda kunawa! Hatukumbandika jina la Msafi kwa mzaha. Akiwa na miaka sita aliosha jiwe la kuchezea kabla ya kulirusha, na akalirusha kwa leso.

Miaka mitatu huyo Profesa Kibano (nimempa jina, alichukue) alikuwa na nafasi ya kusimama mbele yake na kumwambia. Hakusema. Alikaa safu ya tatu kwenye mikutano, mikono kifuani, kama mtu aliyeombwa mkopo. Sasa mwenzake yuko chini ya udongo, ndipo sauti imemtoka. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Katika kazi yetu ni zaidi ya hapo: asiyekuwepo hata lake huitwa la wizi.

Tumepewa hadi mwisho wa Mei. Tusipoonyesha ushahidi, makala itafutwa na mbele ya jina lake litabaki neno udanganyifu. Binti yenu anaanza chuo mwaka huu. Atakapomtafuta baba yake kwenye mtandao, neno hilo ndilo litakalomfungulia mlango.

Kigae kilichobaki ni kimoja tu, kile cha mwisho ulichompikia. Kiko kwenye chombo cha ombwe, kilichonyonywa hewa yote, alimokiacha. Usikiguse. Usimruhusu yeyote akiguse. Nitatuma mtu.

Wifi yako,
Wakili

*

Tarehe 11 Machi

Wifi mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana barua zako hazikai.

Usitume mtu bado. Nakuomba.

Maabara iko vilevile. Ndara zake nyeupe ziko mlangoni, zimetazama ndani. Fundi wa pampu alitaka kuzisogeza apitishe toroli, nikamwambia azunguke. Akaniangalia, akazunguka. Koti lake liko kwenye msumari, mabega yamebaki na umbo lake. Asubuhi nikifungua mlango pampu zinakuwa zinavuta pumzi, nami husimama kidogo kwanza, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa.

Bado napika. Leza inagonga kidonge cha oksidi ya manganizi, mwali wa zambarau unaruka, na vumbi lake linatulia juu ya kigae, tabaka juu ya tabaka, jembamba kuliko ukungu wa pumzi kwenye kioo. Ila ninavyopika sasa havitoki. Ninyi ndugu zake mliniita Mpishi kwa kejeli, kwa sababu ya ule mchuzi wangu wa kwanza, kama mlivyokuita wewe Wakili kwa kupenda hoja. Mngeona hivi vigae vya mwezi huu mngeusifu ule mchuzi.

Wifi, kuna jambo nataka kukwambia, na usinicheke.

Unajua tunavyopima. Mwanga wa leza unapiga tabaka, unarudi, na mashine inachora. Tabaka likiwa na sumaku, mchoro unafunguka katikati kama jicho. Likizimwa, jicho linafumba, unabaki mstari mtupu. Yeye aliweza kulifumba kwa volti tatu tu, likabaki limefumba wiki, mwezi, mpaka ageuze nyaya mwenyewe ndipo lifumbuke. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake: umeme unaamuru, sumaku inatii, na umeme ukiondoka amri inabaki.

Kigae chake cha mwisho nilikizima kwa volti tatu zilezile. Asubuhi nikakuta jicho liko wazi. Nyaya nilikuwa nimezichomoa mwenyewe, ziko mezani. Hakuna aliyeingia.

Nimekizima tena. Kimerudi tena.

Na chumba kilikuwa kinanukia sabuni yake.

Wifi yako

*

Tarehe 17 Machi

Wifi,

Sikucheka. Ningekuwa nimecheka ingekuwa nafuu.

Hebu tusemezane kama watu waliosoma. Mzimu hauna volti. Mzimu hauna waya, hauna pampu. Sabuni unayoinusa ni sabuni, imo kwenye koti ulilokataa kulifua. Nimesoma vitabu vya kila aina, vya wanaoamini na vya wanaokejeli, na sijaona marehemu hata mmoja aliyerudi kufanya jambo la maana. Wanarudi kugonga madirisha. Msafi angerudi, angeanza kwa kufuta hilo dirisha.

Sasa sikiliza unachoniambia bila kujua. Kama sumaku inarudi yenyewe, basi amri haibaki. Na kama haibaki, nusu ya makala yake imeanguka. Umechukua kamba, umeisokota vizuri, umempelekea Kibano mlangoni. Kila maabara iliyojaribu kurudia kazi ya mdogo wangu ilisema hivyohivyo: tulizima, kikarudi. Nikawajibu hadharani kwamba hawajui kupima. Wengine niliwajibu vibaya. Sasa wewe, mkewe, unasema maneno yao!

Nauliza, na usikasirike: nani ana ufunguo? Na kibano unachotumia ni cha aina gani?

Basi niambie nitume nini kikachukue kigae, gari au mtu. Mwisho wa mwezi kiwe mikononi mwangu.

Wakili

*

Tarehe 2 Aprili

Kwako Wakili,

Nimekasirika.

Kibano changu ni cha plastiki. Cha chuma nilichokuja nacho siku yangu ya kwanza kazini, mdogo wako alinipokonya akakitupa dirishani, tukiwa bado hatujajuana majina. Nikamwambia, "Wewe bwana, hicho ni changu." Akasema, "Kilikuwa." Ndivyo tulivyoanza. Leo unaniuliza kibano! Mawifi wa watu husengenya chumvi na ufagio, wewe wangu unanisengenyea vifaa vya maabara.

Ufunguo ninao mimi na mlinzi, na mlinzi anaogopa leza.

Kigae sitakitoa.

Nitakwambia ukweli kwa sababu hutauacha mpaka uupate. Mimi ndiye ninayekizima. Kila nikimaliza kazi, kabla ya kwenda nyumbani, nashusha zile volti tatu, nalitazama jicho likifumba polepole, nachomoa nyaya. Halafu naenda. Nyumbani binti anauliza, "Mama, umekula?" nasema nimekula. Asubuhi najiwekea chai, naiweka pale mezani, kigae kiko kando ya kikombe, nawasha leza, na yuko. Amerudi. Kila siku amerudi. Nakunywa chai yangu naye.

Nilikuja hata Jumapili.

Siku hizi anarudi kwa shida. Jicho halifunguki kama mwanzo, limekuwa jembamba, kama la mtu anayepigana na usingizi. Lakini anarudi. Wewe una hoja zako, wifi, na mimi sikukatazi. Mimi nina hiki.

Wifi yako

*

Tarehe 8 Aprili

Wifi,

Acha. Leo hii hii, acha kukizima. Kila ukikizima unakichosha, wewe ndiye mpishi na unajua kuliko mimi. Unakula ushahidi wetu kwa kijiko kila jioni.

Na nijibu jambo moja, bila hasira. Umeandika kwamba kigae kiko mezani, kando ya kikombe cha chai. Msafi hakuwahi kuruhusu chai ivuke kizingiti cha chumba kile. Na chombo cha ombwe hakina nafasi ya kikombe wala meza.

Ulikitoa lini kwenye ombwe?

Wakili

*

Tarehe 15 Aprili

Wifi,

Siku iliyofuata mazishi.

Uliniambia nisikiguse, nami nilikuwa nimeshakigusa kabla hujaniambia. Nikanyamaza.

Niliingia maabara peke yangu. Nikakiona kwa lile dirisha dogo la duara, kimelala kwenye chuma, mfuniko umekazwa kwa bolti pande zote, ndani hakuna hewa hata ya kumtosha sisimizi. Jana yake nilikuwa nimesimama nikaona mfuniko mwingine ukikazwa, watu wamenishika mikono. Yule sikuweza kumtoa. Huyu niliweza.

Nikafungulia hewa, nikakitoa, nikakiweka pale ninapokaa.

Hasira zako zote zilete, nitazisoma.

Wifi yako

*

Tarehe 20 Aprili

Wifi yangu,

Sina hasira. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, chai yangu imepoa mara mbili, na wanafunzi wamegonga wakaondoka.

Ni hewa.

Soma taratibu, kwa sababu nimeandika taratibu. Zile volti tatu hazikuwa zikiamuru sumaku moja kwa moja, kama alivyoandika yeye na kama nilivyopiga kelele mimi. Zilikuwa zinavuta oksijeni kutoka ndani ya tabaka na kuiingiza kwenye ule ute wa kupitishia umeme mnaoupaka juu. Oksijeni ikitoka, sumaku inakufa. Ukigeuza nyaya, ute unairudisha, sumaku inaamka. Hapo alipima sawasawa. Lakini ukikiacha kigae mezani, oksijeni inaingia yenyewe kutoka hewani, kidogo kidogo, usiku kucha. Asubuhi jicho liko wazi. Maabara zote zile zilipimia mezani, mbele ya madirisha, kati ya vikombe vya kahawa. Zilikuwa zinasema kweli, na mimi niliwatukana.

Na yeye? Yeye aliogopa vumbi. Akimaliza kuzima anakirudisha kwenye ombwe, anakaza bolti, ananawa. Ndani ya ombwe hakuna oksijeni ya kurudi. Kwa hiyo kilibaki kimezimika, wiki, mwezi, na yeye akaandika kwa moyo safi kwamba amri inabaki. Mtu mchafu kidogo tu angeligundua hilo kwa siku moja. Ilibidi mtu akipende kile kigae vibaya, akitoe akiweke kando ya chai, ndipo tujue.

Mdogo wangu hakudanganya. Alikosea. Najua wapo watakaoniambia tofauti ni ndogo. Hao ndio wa kupigana nao mpaka mwisho. Kukosea ni kazi yetu, ndiyo tunayolipwa kuifanya. Anayesema uongo ameiacha kazi. Heri nikubali dunia iseme Msafi alikosea, na niandike mimi kwa mkono wangu, kuliko binti asome lile neno lingine.

Lakini nikisema tu haitoshi. Lazima kionekane. Kirudishe kwenye ombwe, kizime humo, kikae siku kadhaa kimefungwa. Kikibaki kimefumba, fungulia hewa. Kikifumbuka, kesi imekwisha: unga wa chuma haujui kama kuna hewa au hakuna. Na kifanyike mbele ya Kibano. Nimemwandikia, kwa heshima (ilinigharimu), naye amekubali kuja kwenu katikati ya Mei.

Mimi sitakuja. Nikimwona amekaa kwenye kiti cha Msafi nitamtia kofi, na kofi halipimiki kwa leza.

Najua ninachokuomba, wifi. Ukaze bolti wewe.

Wakili

*

Tarehe 27 Aprili

Wifi,

Nitafanya.

Ila wewe uliyesoma vitabu vyote, nijibu hili kabla profesa hajafika: na kikifumbuka humohumo ndani ya ombwe, pasipo hewa, utaandika nini?

Wifi yako

*

Tarehe 19 Mei

Wifi,

Swali langu hukulijibu. Sawa.

Profesa alikuja Jumatatu. Nilitegemea simba, akashuka kwenye teksi mzee mwembamba mwenye mfuko wa dawa mkononi. Mlangoni aliona zile ndara, akavua viatu vyake bila kuambiwa, akaingia na soksi. Nikampa kiti cha plastiki. Kile kingine alikitazama, hakuuliza.

Akafungua mkoba akatoa kibano chake. Cha plastiki. Akasema, "Nimekuja na changu, shemeji, nisije nikasemwa." Nikamwambia, "Mimi si shemeji yako." Akasema, "Kweli. Samahani."

Nilikizima ndani ya ombwe mbele yake. Jicho likafumba. Nikachomoa nyaya, naye akaziweka kwenye mfuko wake mwenyewe. Halafu tukaweka karatasi yenye saini zetu juu ya bolti. Saini yake ilitoka kama mchoro wa kigae kibovu.

Jumanne kimefumba. Jumatano kimefumba. Mchana tulikaa tu, na pampu zinavuta. Unajua maabara hiyo ukikaa bila kazi ilivyo. Mara kitu kinadondoka ndani ya mabomba, tik, na wote wawili tunageuka. Akaniuliza kama huwa nasikia mtu anatembea. Nikamwambia ni valvu. Akasema, "Nami kwangu huwa najiambia ni valvu." Mkewe alifariki mwaka juzi, hakuna aliyetuambia.

Sikulala, wifi. Nitakwambia wewe tu. Nilikuwa namwomba. Nilisema, kama ni wewe, fumbuka leo, humohumo, mbele ya huyu mzee, tuwaumbue wote. Acha vitabu, acha hewa. Mara moja tu.

Alhamisi asubuhi niliangalia, ndipo nikakupigia simu. Nikakwambia bado kimefumba. Ukakaa kimya. Nikasema, "Haloo? Wifi, ndivyo ulivyosema ingekuwa, umeshinda." Ukaendelea kukaa kimya, nikasikia gari linapita mtaani kwako, ukasema "Fungulia hewa" kwa sauti ambayo sikuijua. Nilidhani nimekuudhi.

Nikafungulia. Hewa iliingia kwa mluzi mwembamba, ukaisha. Profesa akasogeza kiti. Hatukupima mpaka Ijumaa. Mstari ulikuwa umeachana katikati, kidogo sana, unywele. Tukapima tena baada ya chakula, ukaachana zaidi. Jioni lilikuwa jicho. La kuchoka, lakini jicho.

Mzee akavua miwani, akafuta. Akasema, "Nilimwita mwongo huyu bwana." Nikasema, "Ndiyo, ulimwita." Akasema, "Nami nilipimia kando ya dirisha, miaka mitatu." Kabla ya kuondoka aliandika barua kwa mhariri hapohapo, akanisomea: anaondoa mashtaka yote, anaomba makala isahihishwe na isifutwe. Nakala yake iko ndani ya bahasha hii.

Kigae nimekiacha kwenye hewa. Sikizimi tena. Nikipita nakiangalia, ni kigae.

Niambie tu kwa nini ulinyamaza.

Wifi yako

*

Tarehe 26 Mei

Wifi yangu,

Nimemaliza masahihisho, yamepokelewa, yatatoka pamoja na majina yetu matatu, wewe ukiwa wa pili. Sentensi ya kwanza inasema: "Mwandishi mkuu, ambaye ni marehemu, alikosea kuhusu sababu." Niliiandika mara tisa na kila mara nililitoa lile neno nikaweka jingine laini, mwisho nikalirudisha. Nimewaandikia pia wale watu wa maabara nyingine niliowatukana. Wawili wamejibu. Mmoja anasema alikuwa amezoea.

Binti yenu amenipigia. Anataka kujua oksijeni inaingiaje kwenye kitu kigumu. Nilimweleza kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

Swali lako la Aprili sikulijibu kwa sababu jibu nililokuwa nalo halikuwa la mtu mwenye shahada. Na hukuniudhi, ondoa hilo. Wiki ile nilifundisha, nikasahihisha mitihani, nikagombana na mkuu wa idara kama kawaida. Watu wakaniona mzima. Tangu tumzike Januari nimekuwa mzima, wifi. Kila aliyenipa pole nilimpa hoja. Mazishini mlilia, mimi niliuliza kwa nini gari limechelewa. Nilikuwa na Kibano wa kupigana naye, na mtu unayempigania hajafa, anasubiri hukumu tu.

Alhamisi niliamka kabla ya wakati nikakaa na simu mapajani. Nilijua kwa hesabu utakachosema. Hesabu nilizifanya mimi, nikazikagua, zilikuwa sahihi. Na nilikuwa namsubiri. Mimi, niliyemtukana mzimu wako miezi mizima, nilikaa kitandani na gauni la kulalia, nikisema kwa sauti katika chumba kitupu, nikosoe, mdogo wangu, nikosoe mara moja tu, niaibishe.

Ndipo ukapiga ukasema bado kimefumba.

Hukusikia kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipojua amekufa.

Dada yake